Bustani kama Takhmisa: Uhakiki wa Dai la Maumbile katika Rekodi ya Yo-Yo Ma ya Msururu wa Kwanza wa Chelo wa J. S. Bach

Ikisiri

Uhakiki huu unachunguza rekodi ya Msururu wa Kwanza wa chelo wa Johann Sebastian Bach iliyotolewa na Yo-Yo Ma mwishoni mwa miaka ya 1990 katika mradi wa Inspired by Bach, pamoja na filamu na bustani zilizofungamana nayo. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: muziki uliojengwa juu ya ngoma za kasri, usiotaja mto wala mti, unawezaje kusikilizwa kama muziki wa maumbile? Kwa kutumia takhmisa kama kiunzi cha uchanganuzi, inajengwa hoja kwamba bustani inaukuza muziki pale inapopokea umbo lake, na inaupunguza pale inapopokea hisia yake peke yake.

1.0 Utangulizi

Kipindi cha Baroki hakikuwa na upungufu wa muziki ulioiga maumbile waziwazi. Heinrich Biber, katika sonata ya fidla inayojulikana kama Sonata representativa, aliigiza sauti za ndege, chura, kuku na paka. Antonio Vivaldi alipochapisha tamasha zake za Majira Manne mjini Amsterdam mwaka 1725, aliziambatanisha na soneti zinazomweleza msomaji ni wapi mbwa anabweka na ni wapi radi inapiga. François Couperin aliwapa ndege majina katika vipande vyake vya kinanda. Katika kazi hizo msikilizaji hahitaji kubahatisha, kwa kuwa mtunzi mwenyewe ameweka kibao njiani.

Misururu sita ya chelo ya Bach haina kibao cha namna hiyo. Inakadiriwa kuwa ilitungwa mnamo mwaka 1720, Bach alipokuwa mkuu wa muziki katika kasri la Mwanamfalme Leopold huko Köthen. Nakala ya mkono wa mtunzi imepotea. Kinachosomwa leo kinatokana na nakala za watu wengine, zikiwamo ile ya Johann Peter Kellner ya mwaka 1726 na ile ya Anna Magdalena Bach, mke wa mtunzi. Ndani ya nakala hizo kuna noti, alama chache za upinde na majina ya ngoma: Alemandi, Kuranti, Sarabandi, Minueti na Jigi, zikitanguliwa na Preludi. Hakuna soneti wala ndege.

Kwa hiyo dai kwamba Msururu wa Kwanza ni muziki wa maumbile ni dai la wapokeaji. Hilo halilifanyi kuwa batili, ila linalitaka lijitetee. Uhakiki huu unalipima dai hilo sehemu kwa sehemu, kwa sababu hukumu ya jumla, ama ya kulisifu ama ya kulikataa, huficha ukweli kwamba bustani hiyohiyo inafaulu mahali pamoja na kushindwa mahali pengine.

2.0 Usuli wa Rekodi na Bustani

Yo-Yo Ma amerekodi misururu yote sita mara tatu. Rekodi ya kwanza ilitoka mwaka 1983 na ya tatu mwaka 2018. Ile ya kati, ambayo ndiyo mada ya uhakiki huu, ilifungamanishwa na filamu sita za mwaka 1997 zilizotayarishwa na kampuni ya Rhombus Media ya Toronto. Kila msururu ulipewa mwenza kutoka sanaa nyingine. Msururu wa Pili ulikutanishwa na michoro ya magereza ya Piranesi, wa Tatu na mtunzi wa dansi Mark Morris, wa Tano na mwigizaji wa kabuki Tamasaburo Bando, na wa Sita na wachezaji wa dansi ya barafuni Jayne Torvill na Christopher Dean. Msururu wa Kwanza, ulio katika G meja, ulikabidhiwa msanifu wa bustani Julie Moir Messervy, na filamu yake, iliyoongozwa na Kevin McMahon, ikaitwa The Music Garden.

Bustani hiyo ilikusudiwa kwanza kujengwa Boston, nchini Marekani. Mpango huo haukufaulu, na jiji la Toronto, nchini Kanada, likaupokea. Bustani ilifunguliwa mwaka 1999 ufukweni mwa Ziwa Ontario. Tarehe hizi zina uzito katika uchanganuzi. Filamu ilitangulia bustani kwa miaka miwili. Hivyo mtazamaji wa mwaka 1997 alipewa bustani ambayo bado ilikuwa wazo. Alialikwa kusikia njia ambazo hakuna mguu uliokuwa umezikanyaga. Rekodi, filamu na bustani ni matini tatu zinazoitana, na kila moja inaweza kupokewa bila nyingine.

3.0 Takhmisa kama Kiunzi cha Uchanganuzi

Mjadala wa uhusiano wa muziki na taswira una historia ndefu katika fikra za Kijerumani. Lessing, katika Laokoon ya mwaka 1766, alitenganisha sanaa za mahali na sanaa za wakati. Hanslick, mwaka 1854, alishikilia kwamba uzuri wa muziki umo katika maumbo ya sauti yanayosogea, na kwamba hisia na picha ni vitu ambavyo msikilizaji huja navyo kutoka nje. Mtazamo wa Hanslick ungelikataa dai la bustani tangu mlangoni. Hata hivyo, mtazamo huo unakutana na ugumu mbele ya kazi ambayo sehemu zake zina majina ya ngoma. Jina la ngoma tayari linaita miguu, kiuno na sakafu. Msururu wa Kwanza haukuwa sauti tupu hata siku ulipotungwa.

Ushairi wa Kiswahili unatoa kiunzi chenye msaada zaidi. Katika takhmisa, mshairi huchukua beti za mshairi aliyemtangulia na kuongeza mishororo yake mitatu kabla ya maneno ya asili, hadi ubeti ukawa wa mishororo mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate alifanya hivyo juu ya Wajiwaji, shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo. Mambo mawili katika mbinu hii yanafaa kuzingatiwa. La kwanza ni mpangilio: maneno mapya hutangulia na ya zamani hufuata, kwa hiyo msomaji huyafikia maneno ya kale akipitia mlango wa mgeni. La pili ni sharti: mishororo iliyoongezwa hufungwa na vina vya shairi la asili. Mshairi wa takhmisa ana uhuru wa maana, lakini hana uhuru wa umbo. Anayepuuza vina hajatunga takhmisa. Ametunga shairi lingine kando ya lile la kwanza.

Vilevile, istilahi za ushairi huo zinaonya dhidi ya haraka ya kuona maumbile kila mahali. Inaposemwa kwamba shairi fulani ni la bahari ya utenzi, hakuna msomaji anayetafuta mawimbi ndani yake. Bahari hapo ni jina la mwenendo. Hali kadhalika, kusikia mtiririko katika noti za Bach hakutoshi kuthibitisha kwamba kuna mto.

Kipimo kinachotumika hapa chini kinatokana na sharti la takhmisa: je, katika kila sehemu, bustani imefuata vina vya muziki, yaani umbo lake la kurudi, kusimama na kupangika, au imechukua hali ya moyo tu?

4.0 Uchanganuzi wa Sehemu Sita

4.1 Preludi

Preludi ndiyo sehemu mashuhuri kuliko zote, na taswira yake ndiyo iliyoenea zaidi: mto. Ramani ya bustani inaigeuza kuwa mandhari ya kijito chenye mapinda, na upigaji wa Ma unaikubali taswira hiyo. Upinde unaunganisha makundi ya noti kwa wepesi, mwendo unapanuka na kubana bila pembe kali, na sauti inabaki laini kutoka uzi mmoja hadi mwingine. Ni rahisi kuelewa kwa nini msikilizaji anayaona maji.

Ugumu ni kwamba taswira ya mto inaeleza uso wa Preludi na kuacha mifupa yake. Vipimo vinne vya mwanzo vyote vimesimama juu ya G ya chini, ambayo haisogei wakati sauti za juu zinabadilika. Kinachosikika kama mtiririko kimeegemea kitu kisichotiririka. Kisha, katika kipimo cha 22 kati ya vipimo 42, mwendo unasimama juu ya noti ya D na kusubiri. Baada ya hapo muziki unaanza upya, kwa sauti inayokaribia usemi wa mtu anayetafuta neno. Kuelekea mwisho, noti zinapanda nusu hatua kwa nusu hatua huku D ikiendelea kurudiwa, hadi mvutano huo unapofunguka katika G. Mto hausimami katikati ya safari kufikiri, wala haupandi. Anayesikiliza mto peke yake ataupita mwanya wa kipimo cha 22 kama ajali ndogo, ilhali ndipo kipande kinapogeukia.

Hata hivyo, haki inataka bustani yenyewe itofautishwe na kauli inayoitangaza. Messervy hakujaza sehemu hii maji. Alitumia miamba ya itale kuchora njia ya kijito, na kando yake akapanda miti ya hakiberi yenye mashina yaliyonyooka, kwa nafasi zinazolingana, ili ikumbushe vipimo vya muziki. Miti hiyo ndiyo kina kilichofuatwa. Inasimama pale mawe yanapoonekana kukimbia, kama G inavyosimama chini ya noti zinazozunguka. Neno mto linapunguza. Mawe na miti vinarekebisha. Kwa bahati mbaya, msikilizaji wa rekodi asiyefika Toronto hupokea neno bila miti.

4.2 Alemandi na Kuranti

Alemandi imefanywa kichaka cha miti ya birchi chenye vijia vinavyotangatanga na kupanda hadi mahali pa kutazama bandari. Hali ya moyo imenaswa vizuri. Noti za Alemandi hii zinakwenda bila pupa, zikigusa njia ya pembeni na kurejea. Lakini umbo limelegea. Kila ngoma katika msururu huu ina nusu mbili, na kila nusu huandikiwa alama ya kurudiwa. Mpigaji na msikilizaji wanapita njia ileile mara mbili, na mara ya pili masikio yanajua kona zilipo. Kijia kinachotangatanga hakina sharti la kurudi. Anayetembea hapo huendelea mbele, na akirudi amejirudisha mwenyewe. Bustani hapa imepata upole wa Alemandi na kuachilia kumbukumbu yake.

Kuranti inatoa jibu bora zaidi. Jina lake linatokana na kukimbia, na Bach hapa ameiandika kwa namna ya Kiitalia, yenye noti za mfululizo na miruko mikubwa kutoka uzi hadi uzi. Messervy ameijenga kama njia ya mzunguko inayopanda kati ya nyasi na maua yanayoita ndege na vipepeo, na juu kabisa kuna mlingoti unaozungushwa na upepo. Uteuzi wa mzunguko unaopanda ni uamuzi wa umbo. Anayepanda njia kama hiyo anaipita mandhari ileile tena na tena, kila mara akiwa juu kidogo kuliko mwanzo. Hivyo ndivyo marudio ya ngoma yanavyofanya kazi: maneno ni yaleyale, msikilizaji amehama. Katika rekodi, Ma anaipiga Kuranti kwa mkato na wepesi, na mlingoti unaogeuka unakuwa tamati inayostahili. Mshororo mpya umeshika kina cha zamani.

4.3 Sarabandi

Sarabandi ina vipimo 16 tu, vilivyogawanyika nane kwa nane. Ni ngoma iliyosafiri mbali. Nchini Uhispania ilipigwa marufuku mwaka 1583 kwa kuhesabiwa kuwa ya aibu, lakini ilipofika mikononi mwa Bach ilikuwa imepunguza mwendo na kuvaa heshima. Uzito wake huangukia mara nyingi pigo la pili, na nyuzi kadhaa hupigwa pamoja, kana kwamba chelo moja inataka kuwa kwaya.

Bustani imeipa duara lililofungwa na miti mirefu ya jamii ya misonobari, na katikati jiwe kubwa lenye kidimbwi kidogo kinachoakisi anga. Mahali hapo pamekusudiwa kusomewa mashairi. Ni rahisi kulisifu wazo hili kwa utulivu wake pekee, lakini sifa yake ya ndani ni nyingine. Sarabandi ndiyo sehemu yenye noti chache kuliko zote katika msururu, na kazi kubwa ndani yake hufanywa na ukimya unaofuata pigo. Duara la miti halitoi mwendo. Linatoa ukuta unaofanya ukimya usikike. Kidimbwi kidogo kilichobeba anga kubwa ni sawa na vipimo 16 vilivyobeba sauti nne kwa ala moja. Hapa hisia na umbo havitengani.

Panapobaki pengo ni katika historia ya mwili. Kichaka kinachomkalisha mtu chini kimesahau kwamba Sarabandi ilichezwa. Upigaji wa Ma, uliojaa pumzi ndefu, unaelekea upande huohuo wa sala. Msikilizaji anayelinganisha na rekodi ya Anner Bylsma ya mwaka 1979 atagundua kwamba hatua ya mchezaji inaweza kusikika hata katika mwendo wa polepole.

4.4 Minueti na Jigi

Kwa mtazamo wa dai la maumbile, Minueti ingetarajiwa kuwa sehemu dhaifu kuliko zote. Ni ngoma ya adabu ya ukumbini, na bustani imeijibu kwa mpangilio rasmi wa maua yaliyosawazishwa na banda la duara la chuma kilichofuliwa kwa mikono. Hakuna pori hapa. Uhakiki huu, hata hivyo, unaiona sehemu hii kuwa miongoni mwa zilizofaulu zaidi. Kuna Minueti mbili: ya kwanza katika G meja, ya pili katika G maina, kisha ya kwanza hurejea. Mpangilio ni wa kutoka, kuingia kivulini na kurudi mahali ulipoanzia. Banda la duara na vitanda vya maua vinavyolingana vinakiri kwamba maumbile yaliyomo bustanini yamekatwa, yamepimwa na yamepangwa na mkono wa mtu. Bach pia alikuwa na sauti za asili, yaani mtetemo wa uzi, na akazipanga. Sehemu iliyo mbali zaidi na msitu ndiyo inayosema waziwazi uhusiano uliopo kati ya muziki huu na maumbile.

Jigi inamshusha mtembezi kwa ngazi pana za nyasi zilizopinda, hadi jukwaa la jawe chini ya mti wa wilo wenye matawi yanayoning'inia. Mapigo ya ngoma hii yanaruka, na ngazi zinaulazimisha mwili kuruka kidogo. Kinachozidi hapo ni kwamba ngazi hizo ni viti pia. Tamasha hufanyika mahali hapo, na hadhira hukaa juu ya nyasi. Bustani inamaliza kwa kuurudisha muziki kwa wapigaji na wasikilizaji, jambo ambalo kwa takhmisa ni sawa na kuufikia mshororo wa mwisho ambao si wako.

5.0 Maumbile Ndani ya Ala

Uchanganuzi uliotangulia unaacha swali moja: je, kuna maumbile katika muziki huu ambayo hayakuhitaji bustani? Rekodi ya Bylsma iliyotajwa inaelekeza kwenye jibu. Bylsma alipiga kwa nyuzi za utumbo, kwa desturi ya karne ya 18, bila kuambatanisha sauti na mandhari yoyote. Katika rekodi hiyo unasikika mkwaruzo mwanzoni mwa noti, pale singa za mkia wa farasi zinapoukamata utumbo wa kondoo juu ya mbao. Nyuzi hizo hulegea na kukaza kulingana na unyevu wa hewa, na mpigaji hana budi kusikilizana nazo. Maumbile hapo ni mada kwa maana ya malighafi, na yanaacha alama katika kila noti.

Kuna pia maumbile ya wakati. Bustani ya Toronto hubadilika: hunyauka, hufunikwa na theluji, huchipua. Rekodi haibadiliki. Huu ndio mvutano mkubwa kuliko yote katika mradi huu, kwa kuwa sauti iliyogandishwa imefungamanishwa na mahali pasipokaa hali moja. Lakini mvutano huo una ufumbuzi nje ya albamu moja. Ma alirudi kwenye misururu hii baada ya zaidi ya muongo mmoja, kisha baada ya miongo miwili tena. Bylsma naye aliirekodi upya mwaka 1992. Pablo Casals, aliyeikuta kazi hii akiwa kijana mjini Barcelona mwaka 1890, alisubiri hadi miaka ya 1936 hadi 1939 ndipo akaikamilisha katika sahani. Rekodi moja haina majira. Rekodi zikisikilizwa kwa kufuatana, majira yanaonekana.

6.0 Hitimisho

Matokeo ya uhakiki huu yanaweza kufupishwa hivi. Dai kwamba Msururu wa Kwanza umejaa maumbile halina msingi katika nakala za muziki, na katika Preludi linaelekea kuficha mambo muhimu zaidi ya utunzi: noti ya msingi isiyosogea na kusimama kwa kipimo cha 22. Dai hilo linapata nguvu katika Kuranti, Sarabandi, Minueti na Jigi, ambamo msanifu alifuata umbo la muziki: mzunguko, ukimya, urejeo na hatua. Alemandi inabaki katikati, ikiwa na upole bila kumbukumbu.

Umuhimu wa tofauti hii unavuka bustani moja. Kazi za kale zinaendelea kupewa wenza kutoka sanaa nyingine, na wahakiki mara nyingi huuliza iwapo ushirika huo unavutia hadhira mpya. Swali hilo linahusu soko. Swali la kihakiki ni la deni: sanaa inayotangulia mbele ya matini ya mwingine, na kumfikisha msikilizaji kwenye matini hiyo kwa mlango wake yenyewe, inadaiwa kuacha mlango ulio mpana wa kutosha kupitisha kilichomo. Msikilizaji aliyeingia kwa njia ya mto anapaswa bado kuweza kusikia mahali ambapo upinde unasimama, na kujua kwamba mtunzi ndiye aliyeusimamisha.